Wafanyakazi wakimcheka bosi, mwenye hisa atege sikio

TAREHE 9 Januari 2020 kurasa zaidi ya 100 za mawasiliano ya ndani ya kampuni ya Boeing, inayotengeneza ndege huko Marekani, ziliwekwa hadharani baada ya kukabidhiwa kwa Bunge la nchi hiyo. Nyingi zilikuwa barua na ujumbe mfupi ambao wafanyakazi walikuwa wakiandikiana wenyewe kwa wenyewe. Katika ujumbe mmoja wa mwaka 2017, mfanyakazi alimwambia mwenzake kwamba ndege aina ya 737 MAX ilisanifiwa na wachekeshaji wa sarakasi, na kwamba wachekeshaji hao nao walikuwa wakisimamiwa na nyani.

Aliyeusoma ujumbe huo mwaka 2017 huenda alicheka kidogo, kisha akaendelea na kazi. Ulipotolewa hadharani hakuna aliyecheka. Ndege mbili za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kuanguka na watu 346 walikuwa wamekufa. Moja kati ya ndege hizo ilikuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, na kati ya watu 157 waliokuwamo, 32 walikuwa Wakenya.

Katika kipindi chote hicho mwenye hisa alikuwa akisoma taarifa za fedha, nazo zilikuwa zinapendeza. Mwaka 2018 mapato ya Boeing yalivuka dola bilioni 100 kwa mara ya kwanza. Tarehe 1 Machi 2019 hisa moja ilifunga soko la New York kwa takriban dola 440. Siku tisa baadaye ndege ya Ethiopia ilianguka.

Kampuni ilikuwa inatoa taarifa mbili kwa wakati mmoja. Moja ilikaguliwa, ikapigwa chapa na kutumwa kwa wanahisa. Nyingine ilikuwa ikisambaa miongoni mwa wafanyakazi kwa njia ya mzaha. Ya pili ndiyo iliyokuwa sahihi zaidi.

NDEGE ISIYOHITAJI DARASA

Kuuelewa mzaha ule ni lazima kuielewa biashara iliyouzaa. Desemba 2010 Airbus, mshindani mkuu wa Boeing, alitangaza ndege mpya yenye kutumia mafuta kidogo, A320neo. Boeing ilijibu Agosti 2011 kwa kutangaza 737 MAX, ambayo ni ndege ya zamani iliyopewa injini mpya.

Ahadi kubwa kwa wateja ilikuwa kwamba rubani aliyezoea 737 ya zamani asingehitaji kurudi kwenye mashine ya mafunzo inayoigiza urukaji. Somo fupi la kompyuta lingemtosha. Kwa shirika lenye marubani maelfu, huo ni unafuu mkubwa. Shirika la Southwest la Marekani lilihakikishiwa punguzo la dola milioni moja kwa kila ndege iwapo mafunzo ya mashine yangekuja kulazimishwa.

Lakini injini mpya zilikuwa kubwa, zikafungwa mbele na juu zaidi, hata ndege ikawa na tabia ya kuinua pua katika hali fulani. Dawa iliyopatikana ilikuwa programu ya kompyuta iitwayo MCAS, yenye kuisukuma pua chini. Programu hiyo ilitegemea kipimo kimoja tu cha pembe ya ndege, na marubani wengi hawakuelezwa kuwa ipo.

Mfanyakazi aliyeyaona hayo na kutaka kusema alikuwa na sababu ya kusita. Uchunguzi wa maoni uliofanywa ndani ya kampuni mwaka 2016 ulihusu wafanyakazi wanaoidhinisha usalama wa ndege kwa niaba ya serikali. Asilimia 39 kati yao walisema wanaona dalili za shinikizo lisilofaa, na asilimia 29 walihofia yatakayowapata endapo wangeliripoti.

Hata hivyo, wapo waliosema waziwazi. Juni 2018 meneja mmoja mwandamizi wa kiwanda cha Renton alimwandikia mkuu wa mradi wa 737 kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake anasita kuipandisha familia yake kwenye ndege ya Boeing. Alishauri uzalishaji usimamishwe. Kwa mujibu wa ushahidi alioutoa bungeni Desemba 2019, alipoeleza kwamba jeshini kazi hiyo ingesimamishwa, alijibiwa kuwa jeshi si taasisi ya kutafuta faida.

Basi neno la wazi lilipopewa jibu la namna hiyo, watu walibaki na kicheko. Hakihitaji kibali, hakiandikiwi barua ya kujieleza, na anayekitoa akibanwa anaweza kusema alikuwa anatania tu.

MZAHA UNAOPANDA NA UNAOSHUKA

Katika kurasa zile zile ulikuwamo mzaha wa namna nyingine kabisa. Mwaka 2017 shirika la ndege la Lion Air la Indonesia lilitaka marubani wake wapewe mafunzo ya mashine kabla ya kurusha MAX. Mfanyakazi mmoja wa Boeing alimwandikia mwenzake kwa kejeli, akiwaita wateja hao wajinga. Boeing ikawashawishi waliache wazo hilo. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilitumbukia katika Bahari ya Java na watu wote 189 waliokuwamo wakafa.

Mfanyabiashara na atenganishe aina hizi mbili. Mzaha unaopanda, yaani wa mdogo kwa mkubwa, aghalabu hubeba habari, kwa sababu anayeutoa anajihatarisha. Mzaha unaoshuka, wa mwenye nguvu kwa mteja au kwa mfanyakazi wa chini, mara nyingi huzima habari. Yule aliyeitwa mjinga ndiye aliyekuwa ameuliza swali la maana.

Ujumbe ulipotoka hadharani, kampuni iliomba radhi, ikasema lugha ile haikubaliki na hailingani na jinsi kampuni inavyotakiwa kuwa, ikataja uwezekano wa hatua za nidhamu. Radhi ilistahili. Lakini aliyeandika habari za wachekeshaji na nyani hakuwa ndiye chanzo cha hasara.

Hasara yenyewe haikuwa ndogo. Mkurugenzi Mtendaji aliondolewa Desemba 2019. Mwaka huo Boeing ilipata hasara ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza tangu 1997. Machi 2020, janga la corona likiwa limeongeza uzito, hisa ilishuka chini ya dola 100 na gawio likasimamishwa. Nchini Marekani ndege hizo zilikaa chini miezi 20, hadi Novemba 2020. Januari 2021 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kumaliza shauri la jinai, fidia kwa mashirika ya ndege na kwa familia za marehemu zikiwamo.

Ikumbukwe kwamba kati ya mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2019 kampuni hiyo ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake yenyewe sokoni ili thamani ipande.

MTANI NA KIBALI CHA KUSEMA

Jamii zetu zililijua jambo hili zamani, zikaliwekea utaratibu. Mpare na Mchagga ni watani, Mhehe na Mngoni ni watani. Msibani mtani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Anaweza kuigiza jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, au kusema mbele ya wafiwa kwamba mzee huyu alikuwa bahili na deni lake dukani hakulilipa. Wafiwa hawakasiriki. Wanacheka huku wanalia, na pengine deni lile hulipwa.

Utani si utovu wa adabu. Ni kibali. Jamii imemteua mtu, ikampa haki ya kusema yale ambayo mtoto wa nyumba hiyo hawezi kuyatamka, na mwenye kusemwa hana ruhusa ya kulipiza.

Makampuni mengi hayana mtani. Yana sanduku la maoni ambalo ufunguo wake uko kwa ofisa utawala, na sera ya milango wazi katika jengo ambalo katibu muhtasi huuliza kwanza shida ni nini. Hapo utani haufi, ila hukosa pa kukaa. Zamani uliandikwa ukutani chooni na kuchorwa vikatuni nyuma ya fomu za maombi ya likizo. Leo hupita katika makundi ya simu ambayo bosi hayumo. Aidha, hugeuka kuwa jina la kupanga: meneja anaitwa kwa jina ambalo kila mtu kiwandani analijua isipokuwa yeye.

HESABU ZA PARKINSON

Kuna wakati mzaha wa kuikosoa menejimenti uliingia moja kwa moja katika gazeti la uchumi. Novemba 1955 gazeti la The Economist la London lilichapisha makala ya Cyril Northcote Parkinson, mwanahistoria wa Kiingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliotengwa kuifanya, na kwamba idadi ya maofisa huongezeka hata kama kazi inapungua.

Makala hiyo iliandikwa kwa sauti ya kisayansi ya kuchekesha, lakini ndani yake mlikuwa na takwimu. Mwaka 1914 jeshi la wanamaji la Uingereza lilikuwa na meli kubwa za vita 62 zilizo kazini. Mwaka 1928 zilibaki 20. Katika muda huo huo maofisa wa makao makuu ya jeshi hilo waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Meli zilipungua kwa asilimia 67 na ushee, wenye kalamu wakaongezeka kwa asilimia 78.

Baadaye Parkinson alieleza jinsi kamati inavyopitisha mradi wa mamilioni kwa dakika chache, kwa sababu wajumbe hawauelewi, halafu ikabishana muda mrefu juu ya banda la baiskeli, kwa sababu hilo kila mmoja analijua. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu ambako fulana na nauli vilijadiliwa kuliko mkopo wa benki hahitaji kuelezwa zaidi.

Nguvu ya Parkinson ni kwamba kicheko chake kinaweza kupimwa. Mwenye hisa yeyote anaweza kuifungua taarifa ya mwaka na kuhesabu meli na makarani wa kampuni yake.

BOSI ANAPOJICHEKA

Si kila mzaha hutoka chini. Januari 1997 viongozi wa Enron, kampuni ya nishati ya Houston, walirekodi mkanda wa video wa kumuaga rais wa kampuni, Rich Kinder. Mrithi wake, Jeffrey Skilling, aliigiza katika mkanda huo akieleza utaratibu mpya wa uhasibu: kuandika vitabuni thamani ya kufikirika ya siku zijazo, na kwa njia hiyo kuongeza mamilioni yasiyohesabika katika faida. Watu walicheka.

Ucheshi huo ulikuwa na mizizi. Tangu mwaka 1992 Enron ilikuwa na ruhusa ya kuandika leo faida inayotarajiwa katika mkataba wa miaka mingi, hata kama fedha hazijaingia. Walioigiza walijua ni wapi panapochekesha. Umma uliuona mkanda huo Desemba 2002, wakati ambapo kampuni ilikuwa imefilisika kwa mwaka mzima.

Kabla ya hapo, Aprili 2001, mchambuzi mmoja aliuliza katika mkutano wa simu kwa nini Enron haitoi mizania pamoja na taarifa ya faida. Skilling alimjibu kwa tusi, na wengine wakamsikia. Kaulimbiu ya Enron katika matangazo ilikuwa ikiwataka watu waulize kwa nini. Wafanyakazi wakaipokea kaulimbiu hiyo na kuiongezea lile tusi mwishoni. Katika mzaha huo mfupi mlikuwa na tathmini nzima ya kampuni: hapa swali la hesabu hujibiwa kwa matusi.

Skilling alijiuzulu Agosti 2001. Hisa iliyofika dola 90 mwaka uliotangulia ilikuwa chini ya dola moja mwishoni mwa Novemba, na tarehe 2 Desemba kampuni ikaomba hifadhi ya sheria ya ufilisi. Zaidi ya nusu ya akiba ya uzeeni ambayo wafanyakazi walijiwekea katika mfuko wao mkuu ilikuwa ndani ya hisa za Enron. Waliocheka na kaulimbiu ile ndio waliopoteza pensheni. Waliusikia mzaha wao wenyewe, lakini hawakuufuata.

KICHEKO KINACHOTULIZA

Hilo linaleta upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 1989 Scott Adams, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Pacific Bell, alianzisha katuni za Dilbert, juu ya mhandisi na bosi asiyeelewa kazi anayoisimamia. Zilienea hadi magazeti 2,000 duniani, kabla ya mengi kuziondoa mwaka 2023 kutokana na matamshi ya mchoraji huyo kuhusu watu weusi. Katika miaka ya 1990 mameneja wenyewe walizibandika ukutani, kila mmoja akiamini bosi anayechekwa ni mwingine.

Mwaka 1997 mwandishi Norman Solomon alizikosoa. Alidai kwamba zinamcheka msimamizi wa kati na kuwaacha salama wale wa juu wanaopunguza wafanyakazi, na kwamba makampuni yanazipenda kwa kuwa zinapooza hasira bila kubadili lolote.

Hoja hiyo ina uzito. Mzaha unaweza kuwa kama kizibo cha sufuria ya presha: mvuke unatoka, maharage yanaendelea kuiva vile vile. Mfanyakazi anacheka saa nne kwenye chai, saa tano anarudi kutia sahihi fomu ile ile aliyoicheka. Kicheko huwa na faida pale tu kinapomfikia mwenye mamlaka na yeye akakichukulia kuwa habari.

AFANYE NINI MWENYE HISA MIA MBILI

Mwekezaji mdogo wa Dar es Salaam au Nairobi haingii kwenye kikao cha bodi. Lakini anaishi mji mmoja na wafanyakazi wa kampuni aliyoinunua. Anapanda daladala nao, anakula nao kwa mama lishe. Hiyo ni nafasi ambayo mfuko mkubwa wa London hauna.

Kwanza, asikilize mzaha unaorudiwa. Mfanyakazi mmoja mwenye kinyongo anaweza kusema lolote. Lakini mzaha ule ule ukisikika kwa mlinzi, kwa dereva na kwa karani wa mauzo, ambao hawakai pamoja, hapo pana jambo.

Pili, atafute mzaha huo unagusa namba gani. Wakisema makao makuu yamekuwa kama kijiji, aangalie gharama za utawala zinavyokwenda na mauzo. Wakisema wateja wao ni wa kulipa Mungu akipenda, atazame madeni yasiyokusanywa. Wakisema kila Jumatatu wana mhasibu mkuu mpya, ahesabu mabadiliko ya uongozi na ya wakaguzi katika taarifa za miaka mitatu.

Tatu, apeleke swali mkutano mkuu, akiwa na namba mkononi na bila kumtaja aliyemchekesha. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze mauzo Aprili 1998 kwa hisa za TOL, mwanahisa mwenye hisa chache amekuwa na haki ya kuuliza sawa na mwenye nyingi. Asikilize pia namna anavyojibiwa. Mwenyekiti anayejibu kwa namba ni habari njema. Mwenyekiti anayewafanya watu wamcheke muulizaji ametoa jibu tayari.

Nne, ajihadhari. Mfanyakazi akimnong'oneza jambo la ndani ambalo kampuni haijatangaza, kwa mfano faida itakavyoshuka, kununua au kuuza hisa kwa kutumia siri hiyo ni kosa chini ya sheria za masoko ya mitaji, Tanzania na Kenya. Kicheko cha kantini kinampa mtu swali la kuuliza. Hakimpi ruhusa ya kukimbilia kwa dalali.

Na yule asiye na hisa bali ana duka la jumla na vijana sita, yeye ndiye menejimenti. Ikiwa vijana hao wamempa jina la Bwana Kesho kwa jinsi anavyochelewa kuagiza mzigo, jina hilo linamgharimu wateja kila wiki, na halimo katika daftari lake. Jioni moja, baada ya kufunga hesabu, awaulize ni kitu gani hapa dukani wanachokicheka. Wakimjibu, asimfukuze mtu, abadilishe siku ya kuagiza mzigo.

Wakisema "hakuna, mzee," ajue bado hawajamwamini.